Mimba ya tatu, tuko Cimpunda: nizalie nyumbani au nishuke?

Mama Baraka

Jambo kwenu wote. Nitaandika kirefu, mnisamehe, maana nikiandika kifupi mtaniambia tu "nenda hospitali", na neno hilo nimeshalisikia la kutosha.

Niko na mimba ya miezi nane, ya tatu. Tunakaa Cimpunda, hapa Bukavu, Kongo, juu kabisa mlimani, pale ambapo motari, yule dereva wa pikipiki, anakuambia "mama, mimi naishia hapa" na wewe unabaki na miguu yako. Kutoka mlangoni kwetu mpaka mahali moto, yaani pikipiki, inapofika kuna ngazi za udongo. Bwana yangu alizichonga mwenyewe kwa jembe, akaziwekea mifuko ya mchanga. Mvua ikinyesha, hizo ni ngazi kwa jina tu. Na mimi nitazaa mwezi wa kumi na moja. Wa Bukavu mnajua mvua ya mwezi wa kumi na moja.

Mtoto wa kwanza nilimzalia hospitali kubwa moja, sitaitaja. Nilizaa vizuri, lakini mtoto akapata homa, wakatuweka siku nne. Fakitire ikatoka dola 140. Bwana yangu alikuwa na 60. Basi tukabaki. Si kwamba walitufungia kwa kufuli, hapana. Mlinzi wa getini alikuwa na karatasi yenye majina, na langu lilikuwemo. Siku kumi na moja. Tulikuwa wanawake saba ambao tumekwisha kupona, tunalala wawili wawili kwenye godoro chini, asubuhi tunafagia wodi kama vile tumeajiriwa. Mmoja akilipiwa tunampigia vigelegele, kisha tunarudi kukaa. Wifi yangu alikuwa ananiletea ugali na sombe, nakula, namsindikiza mpaka getini, yeye anapita, mimi narudi. Mwisho bwana yangu aliuza cherehani yangu. Ile cherehani ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Wa pili nilimzalia kituo cha afya hapa hapa juu. Alikuja haraka, hata saa tatu hazikuisha. Damu ilitoka nyingi kidogo, wakanichoma sindano, wakanikanda tumbo, ikaisha. Siku ya pili nikapanda nyumbani.

Sasa mama mkwe anasema huyu azaliwe nyumbani. Yeye amezaa tisa, wote nyumbani, saba wako wazima, na wale wawili anasema hawakufa kwa sababu ya kuzaliwa. Kuna mama mzalishaji nyumba ya tatu kutoka kwetu, mikono yake imepokea nusu ya watoto wa avenue hii. Anachukua sabuni na kitenge, na franga kidogo ukiwa nazo. Halafu kuna mambo ya kondo. Kwao kondo linazikwa chini ya mgomba wa nyumbani, ndipo mtoto anajua kwao ni wapi. La huyu wa pili lilitupwa kwenye shimo la kituo pamoja na ya watu wengine, na kwa kuwa mtoto huyo hatulii, kila siku tunamtafuta kwa majirani, mama mkwe ananiangalia tu bila kusema neno.

Pesa: tangu vita ilipoingia mjini Februari 2025, kazi ya bwana yangu ya kupakia malori ya Uvira inakuja na kupotea. Kwenye kopo tuna dola 35.

Naomba aliyezalia nyumbani hapa Bukavu kwa kupenda kwake aniambie aliandaa nini, na ilikwendaje. Tafadhali msinigombeze.

Nyota ya Kadutu

Mimi nimezaa wawili nyumbani kati ya wanne. Sikugombezi.

Wa kwanza kati ya hao nilipanga. Maji yamechemka tangu jioni, wembe mpya haujafunguliwa, uzi umechemshwa, glavu jozi nne za famasi, vitenge vimefuliwa na kupigwa pasi, taa mbili maana umeme wetu unaujua. Mama mmoja wa kanisa aliyewahi kufanya kazi materinite alikuja kukaa nami. Ilikwenda vizuri, nilikunywa uji kitandani kwangu, hakuna mtu aliyenipigia kelele "sukuma!" kama vile nimemwibia.

Wa pili sikupanga. Ilikuwa wiki ile ya Februari 2025, risasi zinalia, hakuna mtu wa kutoka nje. Nilizaa sakafuni, chini ya dirisha, na mama yangu peke yake. Huyo sitaki hata kumwelezea. Mtoto ni mzima, Mungu ashukuriwe, lakini usinihesabie kama ushahidi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: karatasi. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90, lakini pale komine, ofisi ya serikali, wananiomba karatasi ya materinite, na mimi nitaitoa wapi? Shefu wa avenue, mashahidi wawili, rudi kesho, rudi Jumatatu. Nilipanda na kushuka mara tano na mtoto mgongoni. Ukizalia nyumbani, anza hiyo safari wiki ya kwanza.

Kasongo M.

Siku hizi mnajitia wazungu. Bibi zetu walizalia wapi? Shambani, wanafunga mtoto mgongoni, wanaendelea kulima.

Nyota ya Kadutu

Kasongo, soma tena alichoandika. Tisa, saba.

Mkunga wa zamu ya usiku

Mama Baraka, nimekusoma mara mbili. Ile hospitali ya kwanza umeiandikia mistari mingi kuliko yote. Damu umeiandikia nusu mstari, "nyingi kidogo". Mimi ndiyo niliyosimama nayo.

Nisaidie: vitenge vingapi vililowa? Ulisikia kizunguzungu? Sindano ilikuwa moja au walirudia? Waliweka seramu, yale maji ya mshipani?

Nakuuliza kwa sababu hii. Mtoto akitoka na kondo likafuata, pale lilipokuwa limeshika panabaki mishipa iko wazi. Kinachoifunga ni tumbo la uzazi lenyewe, linajikaza, linakuwa gumu kama ngumi. Likichoka halijikazi, linabaki laini, na damu inatoka kama mfereji. Sisi tunaanza kuita ni hatari ikifika nusu lita, yaani chupa moja ndogo ya maji. Mwanamke aliyetokwa damu hivyo katika uzazi mmoja, uzazi unaofuata tunamwekea jicho tangu mwanzo, maana inaweza kurudi. Na haipigi hodi. Mimba nzuri, CPN (kliniki za mimba) zote nzuri, mtoto mzuri, kisha dakika kumi baadaye unamwona mama anapauka midomo.

Ndiyo maana mtoto akitoka tu, ndani ya dakika moja, tunamchoma mama oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, yuniti 10 pajani. Hiyo dawa inataka baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Ikishinda kwenye mkoba juani inapoteza nguvu, unachoma na haifanyi kitu. Sasa jirani yako, hata awe na mikono ya malaika, hana friji, hana seramu, hana damu ya kukuongezea. Damu ya namna hiyo inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Wewe jihesabie: usiku, mvua, zile ngazi, kutafuta wanaume wa kukubeba, kutafuta motari anayekubali kutoka saa nane za usiku katika hali hii ya mji. Saa mbili zinaishia wapi? Mimi nadhani zinaishia kwenye ngazi.

Yule mama mzalishaji simtukani. Lakini akikuletea kikombe cha majani ya kuharakisha uchungu, kimwage nyuma ya nyumba. Nimepokea wanawake ambao tumbo la uzazi lilipasukia ndani kwa kikombe cha namna hiyo, na sitaki kueleza zaidi hapa.

Kwa Nyota: ulichoandaa ni kizuri, na tatizo la karatasi ni la kweli. Ila wewe hujasema ulitokwa na damu. Mwenzako amesema.

Nenda kituo cha afya wiki hii, si siku ya uchungu. Uliza nani analala pale usiku, na Jumamosi, na Jumapili. Uliza oksitosini inakaa kwenye friji gani na umeme ukikatika inakuwaje. Uliza nikizidiwa mnanipeleka wapi na nani analipa moto. Omba wapime damu yako kama inatosha na ni ya kundi gani, na vile vidonge vya chuma umeze, usivifiche chini ya godoro (nawajua). Na bei: ulizeni kabla, waandike kwenye karatasi. Mlichotendewa pale mara ya kwanza kilikuwa kibaya, na sina la kukitetea.

Mama Baraka

Mkunga, aksanti.

Vitenge vitatu vililowa, na cha nne walinikunjia chini. Sindano walirudia. Seramu waliweka mbili. Nakumbuka niliona taa inakwenda mbali, ikawa ndogo kama kiberiti, na nikasikia mtu ananipiga mashavu ananiita kwa jina la baba yangu.

Sikumwambia mama mkwe. Bwana yangu alikuwa Uvira, alipofika nimeshaoga, nimekaa. Naye sikumwambia.

Baba Mapacha

Dada, mimi ni mwanaume lakini niruhusu. Mtu wa kilimani kama wewe.

Sisi wanaume tunafikiri safari inaanza pale moto ilipo. Bibi yangu, yaani mke wangu, alipopata uchungu wa mapacha, nilikuwa na dola mkononi na namba za motari watatu kwenye simu, nikajiona nimejipanga. Motari wa kwanza alikubali. Akafika chini, akapiga simu: "Mleteni." Mlete namna gani? Ilikuwa inanyesha. Tukatoa mlango wa jikoni kwenye bawaba, tukamlaza juu, wanaume wanne. Kipoyo, kile kitanda cha kubebea wagonjwa kilichosukwa na wazee, kina mahali pa kushika, mlango hauna. Mimi nilikuwa mbele kulia. Tulipofika kwenye kona ya bomba mmoja akateleza, mlango ukalala upande, bibi yangu akashika shingo yangu kwa kucha zake zote. Alama ninayo mpaka leo. Kutoka nyumbani mpaka kwenye moto, mchana naenda dakika saba. Usiku ule zilipita dakika arobaini na tano. Halafu mwanamke mwenye uchungu wa mapacha unampandisha moto!

Basi ushauri wangu hauhusu nyumbani wala hospitali. Shuka mapema. Huna mtu mjini, chini, mahali gari inafika? Dada, shangazi, mtu wa kanisa? Wiki ya 38 uwe umeshashuka na mkoba wako. Mimi ningekuwa na akili hiyo, ningekuwa na mlango wa jikoni hata sasa.

Kuhusu pesa: wewe hauko kwenye AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa? Nyingi zina kisanduku cha msaada pembeni ya mkopo, kwa msiba na uzazi. Kuna pia mutwelle za afya, zile bima za kuchangiana za parokia, ni nzuri, lakini ukiingia leo hautibiwi kesho, kuna muda wa kungoja, kwa hiyo hiyo iwe ya mwakani. Bwana yako ajue leo, si siku hiyo.

Na umwambie juu ya damu. Samahani kuingilia. Kama bibi yangu angenificha hivyo, ningeumia.

Binti wa mzalishaji, Bagira

Mama yangu alikuwa mzalishaji miaka zaidi ya ishirini. Watu wa Bagira bado wanamsalimia njiani, "huyu ni wako", wanamwonyesha kijana mwenye ndevu.

Aliacha. Hakuachishwa na semina. Semina alikwenda nyingi, alikuwa anapenda soda. Aliacha baada ya mwanamke mmoja, jirani yetu, ambaye kondo lake lilikataa kutoka. Mama alikaa naye mpaka alfajiri. Alivyorudi nyumbani alifua nguo zake mara mbili, akazianika, akazifua tena. Sisi watoto hatukuuliza.

Siku hizi anafanya hivi: mwanamke akianza uchungu anamwita, na yeye anamsindikiza materinite. Anamkanda mgongo, anamwambia wakati wa kutembea, anamsemea kwa wauguzi akiogopa kusema. Analipwa vile vile, sabuni na kitenge. Hiyo ndiyo siri, Mama Baraka: jirani yako akiona kitenge chake kiko salama, atakwenda nawe. Usimwendee na habari ya "sikuhitaji". Mwendee na kitenge, umwambie "twende wote".

Mnaotaja bibi zetu, mkumbuke kwamba Dokta Mukwege, tunayemjua kwa kutibu wanawake waliobakwa na kwa ile Nobeli ya 2018, alipoanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 alikuwa anawaza hasa mahali pa kuzalia. Wanawake wa pande zetu walikuwa wanakufa kwa uzazi.

Kasongo M.

Mimi sikusema watu wafe. Nilisema tu bibi zetu walikuwa na nguvu.

Binti wa mzalishaji, Bagira

Waliobaki ndio tuliowaona, kaka.

Mama Baraka

Nimerudi. Zimepita siku tisa, mambo ni mengi.

Nilikwenda kituo cha afya na maswali ya mkunga nimeyaandika kwenye mkono kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Friji inatumia jua, nimeifungua mwenyewe, dawa imo. Usiku mkunga analala pale, ila Jumamosi anabaki kijana wa mazoezi peke yake. Wanalo lile puto la kumpulizia mtoto hewa asipopumua. Damu ya kuongeza hawana, hawajawahi kuwa nayo.

Kisha titileri, muuguzi mkuu wa kituo, akaniuliza mwaka niliomzalia mtoto wa pili. Akatoa rejista ya zamani, ile kubwa ya jalada gumu, akapitisha kidole chini, ukurasa baada ya ukurasa. Moyo wangu ulikuwa unadunda, maana kidole kile nilikijua, niliwahi kukiona getini. Akafika kwenye jina langu. Pembeni yake kumeandikwa kwa kalamu nyekundu: damu, zaidi ya lita. Na chini yake, herufi ndogo: "moto imeitwa". Moto ilikuwa imeitwa! Ilikuwa inaningoja chini, na mimi miaka yote hii nasema damu ilikuwa nyingi kidogo.

Titileri akasema kwa historia hii hataki kunizalisha pale, niende palipo na damu na chumba cha kupasulia, na karatasi ya kunituma ameniandikia hapo hapo. Nikamwambia habari ya siku kumi na moja. Alinyamaza, kisha akaniambia hospitali anayonituma ni nyingine, tena niende kuuliza bei mapema nikiwa na karatasi yake.

Jioni nilimwambia bwana yangu yote. Hakunigombeza. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi zake mpaka giza likaingia. Kesho yake tulishuka wote wawili. Uzazi wa kawaida dola 40, kupasuliwa 150, nimeandikiwa. Wamekubali tuweke kidogo kidogo kabla, na risiti tatu ziko kwenye kopo badala ya pesa. AVEC yetu wamenipa mkopo wa 60. Baba Mapacha, nilikuwa nimesahau kabisa kile kisanduku cha pembeni. Wana 15 za uzazi, hazirudishwi. Bwana yangu amepimwa, kundi letu ni moja, akasema kama ni damu wachukue kwake kwanza.

Jumapili nashuka Nyawera, mjini, kwa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa. Ana chumba kimoja na watoto wanne, tutabanana. Kutoka kwake mpaka hospitali gari inafika mlangoni. Mama mzalishaji amekubali kuja. Alichagua kitenge mwenyewe sokoni Kadutu, cha bei kuliko nilivyopanga.

Mama mkwe ndiye alikuwa mgumu. Nilimwambia habari ya lita na kalamu nyekundu. Akaendelea kuchambua maharage muda mrefu, akasema: "Basi nenda. Lakini kondo lirudi." Nikarudi tena kule hospitali kuuliza, naona aibu mpaka masikio yanawaka. Muuguzi alicheka, akasema si mimi wa kwanza, nije tu na ndoo yangu, iwe na kifuniko kinachobana. Nimekwisha kuinunua, ya njano. Mama mkwe ameijaribu kifuniko chake mara tatu, na shimo chini ya mgomba amelianza tayari.